Kumwandaa mama anayepanda ndege kwa mara ya kwanza: Lushoto hadi Frankfurt

Watoto walioko nje wakinipigia, swali lao la kwanza ni bei ya tiketi. Mimi nawauliza jina la mama limeandikwaje kwenye kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Nakata tiketi hapa Dar es Salaam, na wateja ninaowahangaikia kuliko wote ni wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao Ulaya au Uarabuni, ambao hawajawahi kupanda ndege na Kiingereza hawakijui. Mzazi wa namna hii anafika salama na kwa heshima zake kama kazi imefanyika mapema, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihusu tiketi kabisa.

Nichukue mfano mmoja niufuate mpaka mwisho. Mama wa miaka 60 na kitu, mkulima wa Lushoto, anaongea Kisambaa na Kiswahili, anakwenda Frankfurt kwa bintiye aliyejifungua. Anapitia Doha, nchini Qatar. Wewe mwenye mama wa Kigoma au Mombasa, badilisha majina ya miji, mengine mengi ni yale yale.

Jina kwanza

Mama zetu wengi majina yao yamepita mikononi mwa makarani wengi. Kwenye NIDA ni Zaituni Athumani, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Zaitun Athuman, kwenye kitabu cha benki kuna jina la mume. Kijijini hakuna anayejali. Uhamiaji wanajali, ubalozi unajali, na shirika la ndege linaweza kumrudisha kaunta kwa herufi moja. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, tandaza karatasi zake zote mezani uzisome herufi kwa herufi. Panapopishana, rekebisha kwanza: kwa kiapo mbele ya wakili, au kwa kurudi NIDA au RITA, wanaosajili vizazi, kutegemea kosa liko wapi. Kama hana cheti cha kuzaliwa kabisa, na wa umri wake wengi hawana, anza na ofisi ya RITA ya wilaya na ujipe miezi, siyo wiki.

Pasipoti ya Tanzania inaombwa kwa fomu ya mtandaoni ya Uhamiaji, gharama ni shilingi 150,000, na mama lazima afike mwenyewe kwa picha na alama za vidole. Vidole vya mtu aliyelima miaka 40 wakati mwingine mashine inavikataa. Mpake mafuta ya nazi mikononi usiku kwa wiki nzima kabla ya kwenda, na siku yenyewe anawe vizuri kwa sabuni. Inasaidia, nimeona.

Viza: mwonyeshe mama alivyo

Ujerumani iko kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya matembezi inaruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika hadi siku 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na haijalishi umepata au umenyimwa, hairudi. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Soma kifungu cha umri kwenye bima, maana nyingine zinabadilika mtu akivuka umri fulani. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya kutoka Ulaya. Mimi nasisitiza miezi sita, kwa sababu nchi na mashirika mengi yanaangalia hiyo.

Binti naye ana kazi yake huko. Aende ofisi ya wageni ya mji wake akachukue hati ya kubeba gharama za mgeni, Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung. Analipa euro 29, anaonyesha mshahara wake, na hati halisi anaituma Tanzania kwa posta ya haraka. Picha ya WhatsApp haitoshi. Hati hiyo ndiyo inayobeba ombi la mzazi asiye na mshahara.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu. Afisa wa viza anataka kujua jambo moja kubwa: huyu mama atarudi? Wanafamilia wakiingiwa na hofu wanachangishana milioni kadhaa, wanazitumbukiza kwenye akaunti ya mama wiki moja kabla ya miadi, wakidhani wamesaidia. Akaunti iliyolala na elfu 60 mwaka mzima kisha ikaamka na milioni nane inaleta maswali ambayo mama hawezi kuyajibu. Acha akaunti yake ilivyo. Mwonyeshe mama alivyo: barua ya serikali ya kijiji kwamba ana shamba na nyumba, hati kama ipo, kitabu cha kikundi cha vikoba, picha na vyeti vya watoto na wajukuu waliobaki, barua ya mume kama yupo. Mama aliye na mahindi shambani, mume nyumbani na wajukuu watatu wanaomsubiri ana sababu nzito za kurudi, ila lazima ziandikwe, zitafsiriwe, na ziwe mbele ya afisa.

Usilipie tiketi kabla ya viza kutoka. Ubalozi unapokea nafasi iliyoshikiliwa bila malipo, na wakala yeyote mwenye uzoefu atakutengenezea.

Viza ikitoka, isome kabla hujafurahi. Kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha, na pembeni kuna idadi ya siku za kukaa. Ni vitu viwili tofauti. Stika inaweza kuwa hai siku 60 lakini ikamruhusu kukaa siku 45 tu, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Tarehe ya kurudi kwenye tiketi ifuate ile namba ndogo.

Tiketi moja, na saa zisomwe mara mbili

Mnunulie safari nzima kwenye tiketi moja, Dar hadi Frankfurt, mabegi yaandikwe Frankfurt hapo hapo Dar. Kuna watu wanaunganisha tiketi mbili za mashirika tofauti kwa sababu wameokoa laki mbili. Kwa kijana mwenye uzoefu, sawa. Kwa mama, hapana. Tiketi zikiwa mbili huenda akalazimika kutoka nje Doha, kupita uhamiaji, kuchukua mabegi na kujiandikisha upya, na ndege ya kwanza ikichelewa hakuna anayewajibika na ya pili. Kwa tiketi moja anabaki ndani ya uwanja na hahitaji viza ya Qatar. Ndugu zangu wa Kongo mnaosoma hapa, ninyi angalieni zaidi: mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo akibadilisha ndege kwenye uwanja wa nchi ya Schengen kuelekea kwingine anatakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani, hata kama hatoki nje ya mlango, isipokuwa ana viza au kibali cha ukaazi cha nchi fulani kama Marekani.

Halafu saa. Tiketi inahesabu kuanzia saa sita usiku, na sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Ndege inayoandikwa 00:50 tarehe 14, Jumamosi, ni saa sita na dakika 50 usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Mama anatoka nyumbani Ijumaa jioni. Kuna mkwe mmoja alimleta mama uwanjani Jumamosi saa tatu usiku, wamevaa vizuri, mabegi yamefungwa kwa kamba, ndege imeondoka tangu usiku uliopita. Siku hizi kila tiketi ninayoitoa naiandikia nyuma kwa kalamu: siku ya kuondoka nyumbani, saa ya Kiswahili, kisha saa ya tiketi. Doha ina saa sawa na Dar, kwa hiyo saa ya mkononi ya mama haibadiliki pale. Frankfurt iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi.

Omba kiti cha magurudumu

Hili ndilo jambo ninaloliamini kuliko yote, na ndilo familia nyingi zinakataa kwa sababu mama "anatembea vizuri, hajawa mgonjwa". Kiti cha magurudumu uwanjani ni huduma ya bure. Kinaombwa kupitia wakala au shirika lenyewe angalau saa 48 kabla, na kinaandikwa kwenye buking kwa alama WCHR, maana yake msafiri anapanda ngazi mwenyewe lakini mwendo mrefu unamshinda. Mama anayelima mlimani Lushoto atakuambia mwendo gani unamshinda? Mwambie uwanja wa Hamad pale Doha ni mkubwa, kutoka geti moja hadi jingine mtu anaweza kutembea nusu saa, anapanda ngazi za umeme na treni ndogo ya ndani, na magoti yake yatakuwa yametoka kukaa saa sita kwenye kiti. Mwenye magoti ya miaka 60 hadanganyi mtu akisema mwendo huo ni mrefu.

Faida kubwa ni yule mtu anayesukuma kiti. Anampokea mama mlangoni mwa ndege, anampitisha kwenye ukaguzi, anampeleka hadi geti la pili, na Frankfurt anasimama naye kwa afisa wa mpakani na kwenye mkanda wa mabegi mpaka binti amwone. Umempata msindikizaji kila uwanja.

Mweleze mama mambo mawili kuhusu huduma hii. Ndege ikitua, asisimame na umati; abaki amekaa, wahudumu watamjia mwishoni. Na kama kule Doha watamwacha kwenye eneo la kusubiri, asiondoke kutafuta geti peke yake, watarudi kumchukua. Awe tu anaonyesha pasi yake ya kupandia ndege kwa mfanyakazi mwenye sare kila baada ya muda. Akipotea kwa namna yoyote, katikati ya uwanja ule kuna sanamu ya dubu mkubwa wa njano, mrefu kama nyumba ya ghorofa mbili, ana taa kichwani. Mwonyeshe picha yake mkiwa nyumbani, na aibebe. Akimwonyesha mtu yeyote picha hiyo atafikishwa pale, na pale panaonekana na kila mtu.

Karatasi ya kwenye pochi

Simu inaisha chaji, inakosa mtandao, inasahauliwa chooni. Karatasi haina matatizo hayo. Ninawaandalia wazazi karatasi moja ngumu, naipitisha kwenye plastiki, naiweka ndani ya pasipoti. Upande mmoja Kiswahili kwa herufi kubwa: namba ya ndege ya kwanza, mahali pa kubadilisha, namba ya ndege ya pili, nani anampokea. Upande wa pili Kiingereza, na kwa safari hii Kijerumani pia: ninaongea Kiswahili tu, ninakwenda Frankfurt kwa ndege namba hii, naomba nielekezwe geti langu, namba ya simu ya binti yangu ni hii. Chini yake dawa anazotumia na ugonjwa wake. Sipendi kumtundikia mzazi karatasi shingoni kama mzigo, na anwani ya nyumba ya binti haifai kusomwa na kila mpita njia. Ikae ndani ya pasipoti, aijue ilipo, ajizoeze kuitoa.

Pamoja nayo weka nakala ya barua ya mwaliko, bima, na tiketi ya kurudi. Afisa wa mpakani Frankfurt ana haki ya kuuliza anakwenda kwa nani, kwa muda gani, na atarudi lini. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuwasajili wageni kwa mfumo wa kompyuta unaochukua taarifa za mwili kama picha ya uso, kwa hiyo mama asishtuke akiambiwa atazame kamera. Avue miwani, atulie.

Mabegi

Tiketi nyingi za kutoka Dar zinaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja. Kwenye tiketi tafuta maandishi 2PC, yaani vipande viwili. Kilo 46 kwenye begi moja haziruhusiwi, kila begi linapimwa peke yake. Begi la mkononi mashirika mengi yanataka lisizidi kilo saba. Pima nyumbani, hata kwa mzani wa duka la jirani, kuliko kufungua mabegi sakafuni uwanjani huku mama anaona nguo zake za ndani zinatazamwa na foleni nzima.

Vyakula ndipo penye mvutano na mama. Anataka kumpelekea binti aliyejifungua kila kitu. Sheria ya Ulaya ni hii: nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Ulaya haviingii na msafiri, hata vikiwa vimekaushwa. Kwa hiyo samli inabaki, na nyama ya kukausha inabaki. Matunda na mboga mbichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Peasi za Lushoto, maembe na maparachichi yabaki nyumbani. Samaki waliosafishwa na dagaa wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu mmoja. Asali, hadi kilo mbili. Unga wa mahindi na viungo vilivyosagwa havina shida. Vifunge vizuri, uviandike jina, maana unga mweupe usio na jina unaleta ukaguzi mrefu. Mafuta ya nazi yaende begi kubwa, kwa sababu kimiminika chochote kwenye begi la mkononi hakitakiwi kuzidi mililita 100 kwa chupa. Pawabenki ni kinyume chake: ikae begi la mkononi, kamwe isiwekwe begi kubwa.

Dawa zote ziwe mkononi, za siku zote pamoja na wiki moja ya ziada, kwenye pakiti zake za asili, na barua ya daktari kwa Kiingereza inayotaja dawa kwa jina lake la kitaalamu. Insulini hasa isiende begi kubwa, kule chini inaweza kuganda. Anayepita au kwenda Dubai aulize mapema kuhusu dawa za maumivu kama tramadol. Kule zinadhibitiwa vikali.

Na sasa naomba unisikilize kwa makini. Mama akishajulikana kijijini kwamba anakwenda Ulaya, watakuja watu na vifurushi. "Mpelekee mwanangu dawa ya kienyeji." "Ni viatu tu." Hata uwanjani anaweza kutokea kijana mpole akiomba abebewe begi dogo kwa sababu lake limezidi kilo. Jibu ni hapana, hata kwa shemeji, hata kwa shehe, hata kwa mchungaji. Mbebaji ndiye mwenye mzigo mbele ya sheria. Makosa ya dawa za kulevya kwa Tanzania yanafika kifungo cha maisha, na ziko nchi wanaponyonga. Kama kuna kitu cha ndugu wa damu ambacho lazima kiende, wewe mwenyewe ukifungue, ukikunjue, utoe soli ya kiatu uitazame, ndipo ukipange upya kwenye begi. Mabegi yafungwe na mtu mmoja wa familia, mama akiwepo, na yasiachwe na mtu mwingine tangu hapo mpaka kaunta.

Siku mbili za mwisho

Mama wa mkoani asitoke Lushoto siku ya ndege. Afike Dar siku mbili kabla, alale, apumzike, miguu ishuke uvimbe wa basi. Siku moja kati ya hizo mpeleke kwenye jengo lenye ngazi za umeme apande na kushuka mara kadhaa ukiwa umemshika mkono. Nimewaona wazazi wakigoma kabisa mbele ya ngazi zile kwa woga, na uwanjani siyo mahali pa kujifunzia. Mwonyeshe kwenye video jinsi mkanda wa kiti unavyofungwa, na mlango wa choo cha ndege unavyokunjika katikati. Mwambie maji ya choo yatavuta kwa kishindo, ni kawaida. Masikio yakiziba ameze mate au atafune pipi. Anywe maji, ainuke kila baada ya muda atembee kwenye ujia. Chakula chochote wanachogawa kimeshalipiwa ndani ya nauli. Wazazi wengi hukaa na njaa wakiogopa kuulizwa hela.

Avae kanga au dera la kupumua, viatu vya kuvua bila kuinama, soksi, na sweta mkononi. Ndani ya ndege ni baridi. Mwenye hijabu akiombwa kukaguliwa ana haki ya kuomba mwanamke na chumba cha faragha. Koti zito la Ujerumani lisinunuliwe Dar, binti aje nalo uwanjani.

Ndege za kimataifa zinaondokea jengo la tatu pale Julius Nyerere. Fika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kaunta kwa kawaida zinafungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka. Mabegi yanakaguliwa kwa mashine mlangoni kabisa kabla ya kaunta, kwa hiyo maneno ya kuagana yaishe nje. Kaunta, uliza kwa sauti kiti cha magurudumu kipo, na hakikisha stika ya kila begi inasomeka FRA, yaani Frankfurt.

Kama njia yenu inapita Addis Ababa au Nairobi badala ya Doha, na wakati wa kurudi atakaa pale zaidi ya saa 12, Tanzania itamdai kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inafanya kazi kuanzia siku ya kumi, na tangu 2016 kadi moja ni ya maisha. Mwenye miaka 60 na zaidi asichome kabla ya kuzungumza na daktari, maana kwa umri huo madhara yake ni makubwa zaidi.

Akishafika, kabla hamjazama kwenye mtoto, binti apige simu shirika la ndege ahakikishe kiti cha magurudumu kipo pia kwenye safari ya kurudi. Mara nyingi kinaombwa cha kwenda tu, na mama anaachwa mlangoni Frankfurt na mabegi yake. Wakati wa kufunga mizigo ya kurudi, mifuko ya plastiki ya madukani ibaki Ujerumani, Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019. Na mtu wa kumpokea Dar awe amejua kwamba ndege inayotua saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu inataka gari lilale mjini Jumapili.